Mswada si picha: watafiti waandike, mashine zipange

Nimepotea wiki kadhaa, najua, na wawili watatu kati yenu mmenikumbusha kwa barua pepe. Kazi ya mteja ilinimeza. Leo nimerudi, lakini sikuja na habari za simu mpya wala lugha mpya ya programu. Nimekuja na hasira, na hasira yenyewe ni ya nukta na mikato.

Dada yangu mkubwa ni mtafiti wa mambo ya chakula. Kwa miaka minne amekuwa akikusanya mahindi kwa wakulima na wachuuzi wa Makueni na Kitui na kuyapima sumukuvu, ile sumu ya ukungu ambayo wengi tunaiita aflatoksini. Mkenya hahitaji kuelezwa sana. Mwaka 2004, huko huko Ukambani, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Dada anatafuta njia ya kuhifadhi nafaka inayopunguza hatari kwa mtu asiye na ghala la maana. Majibu anayo. Yamekaa ndani ya tarakilishi yake tangu mwaka juzi.

Jumamosi moja nilimtembelea. Saa tano usiku watoto wamelala, chai imepoa, na yeye bado yuko mezani, miwani imeteremka hadi ncha ya pua. Alikuwa na orodha ya marejeleo 64, anafuta mabano ya miaka, moja baada ya jingine.

"Dada, unafanya nini?"

"Jarida hili linataka namba. Lile la kwanza lilitaka majina na miaka. La pili lilitaka majina na miaka bila mabano. Nyamaza kidogo mdogo wangu, utanipotezea hesabu."

Jarida la kwanza lilikaa na mswada wake wiki sita likasema mada haiwahusu. Sawa, ndivyo mambo yalivyo. La pili ndilo lililonikera. Lilimrudishia mswada mara mbili kabla ya mhariri kuusoma: mara ya kwanza kwa sababu nafasi kati ya mistari haikuwa ile wanayoitaka, mara ya pili kwa sababu majedwali yalikuwa ndani ya matini wakati wao wanayataka mwisho. Kila mara foleni inaanza upya. Miezi ikapita, kisha likaukataa kwa sentensi mbili. (Jina silitaji. Dada bado anatafuta pa kuchapisha na mimi sitaki kumharibia.) Sasa yuko kwenye la tatu, na chuo chake hakimruhusu kuhitimu shahada ya uzamifu mpaka makala zake zitoke.

Msimamo wangu ni huu, na mtakaobisha bisheni: jarida halina haki ya kumdai mtafiti mpangilio wake wa kipekee kabla halijaamua kama lina haja na kazi yake. Na mtafiti naye, mpaka majarida yabadilike, asikubali kuifanya kazi hiyo kwa mikono. Ni kazi ya mashine. Tunazo mashine.

Hebu tuanze na hizi kanuni zilikotoka, maana nyingine zinachekesha. Nafasi mbili kati ya mistari ni urithi wa taipureta: mhariri alihitaji mahali pa kuandika masahihisho kwa kalamu, juu ya karatasi. Leo mhariri anasahihisha ndani ya faili, na maoni yake yanakaa pembeni. Wahakiki wachache bado huchapa karatasi, nawaheshimu, lakini wao wenyewe wanaweza kupanua mistari kwa kubofya mara mbili. Times New Roman nayo ilitengenezewa gazeti la The Times la London na ikaanza kutumika huko mwaka 1932, ili maneno mengi yaingie kwenye safu nyembamba za gazeti. Mtu wa Kitui anayeandika juu ya mahindi analazimishwa kuvaa nguo iliyoshonewa gazeti la Waingereza, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Mtindo wa Vancouver, ule wa namba uliokuwa ukimkesesha dada, una historia ya kusikitisha zaidi. Mwaka 1978 wahariri wachache wa majarida ya tiba walikutana mjini Vancouver, Kanada. Walichotaka ni kuwapunguzia waandishi mzigo: enzi hizo kubadilisha jarida kulimaanisha kupiga chapa mswada mzima upya. Wakakubaliana juu ya mpangilio mmoja, wakauchapisha mwaka 1979, na ndani yake wakaahidi kwamba mwandishi atakayeufuata hatarudishiwa mswada kwa sababu ya mtindo kabla haujafikiriwa. Soma tena hapo. Chombo kilichobuniwa ili mtu asirudishiwe mswada ndicho leo kinachomkesesha mtu saa tano usiku, kwa kuwa kila jarida limeongeza chumvi yake juu ya mapatano yale: hapa italiki, pale herufi nzito, kule jina la jarida lisifupishwe.

Sasa niwaambie jambo ambalo waandishi wengi hawalijui, na ambalo mimi kama mtu wa programu ndilo linaloniumiza kichwa. Makala ikishakubaliwa, mpangilio wako unatupwa. Wote. Wachapishaji wakubwa na hata baadhi ya wadogo hubadilisha mswada kuwa XML, mara nyingi kwa sarufi inayoitwa JATS, ambayo imekuwa kiwango rasmi tangu 2012. Katika XML hakuna Times New Roman. Hakuna pambizo. Kuna alama zinazosema hiki ni kichwa, huyu ni mwandishi, hili ni rejeleo, huu ni mwaka. Kutoka hapo ndipo mashine za mchapishaji zinapotengeneza PDF nzuri na ukurasa wa wavuti. Zile saa ulizotumia kusogeza mwaka kutoka mwisho wa rejeleo kwenda katikati zilitengeneza kitu ambacho hakuna msomaji hata mmoja atakayekiona.

Na si saa chache. Mwaka 2019 watafiti wa Kanada walichapisha katika PLOS ONE matokeo ya kuwauliza wanasayansi 372 wa nchi 41 kuhusu jambo hili. Mtu wa kati alitumia saa 14 kupanga mswada mmoja, na saa 52 kwa mwaka. Wakikadiria kwa mishahara ya watu hao, ilikuwa kama dola 477 kwa kila mswada. Kwa mhadhiri wetu mwenye madarasa ya wanafunzi mia mbili na bila msaidizi, saa 14 ni wikendi mbili za mama watoto wasizomwona.

Kuna siri nyingine, hii ya karibu zaidi na kazi yangu. Majarida mengi ya vyuo vyetu Afrika, na maelfu duniani, yanaendeshwa kwa OJS, programu huria ya kusimamia majarida. Ni programu nzuri, mimi mwenyewe nimewahi kuisimika. Kwa miaka mingi ukiisimika ilikuwa inakuja na orodha ya masharti tayari imeandikwa: matini yasiwe na nafasi ya ziada kati ya mistari, fonti iwe ya ukubwa wa 12, tumia italiki badala ya kupigia mstari, picha na majedwali yakae mahali pake ndani ya matini. Sasa fungua majarida kadhaa yanayotumia programu hiyo usome masharti yao. Utakuta maneno yale yale, neno kwa neno! Hakuna kamati iliyokaa kuyajadili. Mtu aliyesimika programu alibofya "endelea", basi likawa sharti. Sisi watu wa programu tunajua nguvu ya chaguo la msingi: watu wengi hawaligusi. Lakini mwandishi aliye upande wa pili anadhani ni amri ya wazee wa fani.

Kwa hiyo ukimjua mhariri wa jarida la chuo, mnunulie kahawa umwambie ukurasa ule unaweza kuhaririwa. Ni kazi ya dakika tano.

Msinielewe vibaya. Si kila sharti ni upuuzi, na kijana asije akamtumia mhariri madaftari yake halafu aseme fundi wa programu kamruhusu. Namba za mistari ni za maana sana. Bila hizo mhakiki ataandika "ile sentensi ya pili chini ya jedwali" na mtazunguka siku nzima. Ikisiri yenye sehemu zinazoeleweka inamsaidia msomaji. Kibali cha maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI si mapambo: mahindi yale yametoka kwa watu, watu wale wana haki zao. Data ikiwekwa wazi mtu mwingine anaweza kukagua hesabu. Kikomo cha maneno kinamlazimisha mtu kufikiri. Haya yote yanagusa kilichosemwa. Ninayoyapinga ni yale yanayogusa sura tu, tena sura itakayofutwa.

Basi usiku ule nilivuta kiti. Nikamwomba dada anipe faili.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba vichwa vyote vya sehemu vilikuwa maneno ya kawaida yaliyokuzwa na kufanywa mazito kwa mkono. Wengi wetu ndivyo tulivyofundishwa Word, au tuseme ndivyo tulivyojifundisha kwenye saiba. Ukifanya hivyo tarakilishi haijui kwamba "Mbinu za Utafiti" ni kichwa. Inajua tu kwamba kuna herufi kubwa kubwa. Tumia mitindo. Chagua Kichwa cha 1 kwa sehemu kuu, Kichwa cha 2 kwa sehemu ndogo, na aya za kawaida ziwe na mtindo wao. Jarida likitaka fonti nyingine unabadilisha mtindo mara moja, mswada mzima unafuata. Watu wa wavuti tulilijua hili tangu siku za CSS: HTML inasema kitu ni nini, CSS inasema kionekaneje, na anayechanganya hivyo viwili atakuja kulia.

Kama huamini kwamba Word inafikiri hivyo hivyo, fanya jaribio hili. Chukua nakala ya faili yako ya .docx (nakala, jamani, si yenyewe), ibadilishe jina iishie na .zip, kisha uifungue. Ndani utakuta folda. Kuna document.xml yenye maneno yako, kuna styles.xml yenye mitindo, na picha zako ziko kwenye folda yao. Tangu Office ya 2007 kila hati ya Word ni kifurushi cha namna hii. Dada aliangalia akacheka: "Kumbe ni kabati."

Ndani ya kabati hilo kuna droo moja ya kuogopa. Kuna faili iitwayo core.xml, nayo hubeba jina la aliyeiunda hati na la aliyeihifadhi mwisho. Majarida mengi huficha jina la mwandishi kwa wahakiki ili kazi ipimwe kwa haki. Mtu anafuta jina lake ukurasa wa kwanza, anafuta shukrani, halafu anatuma faili ambayo mfukoni mwake imebeba jina lake kamili. Word ina sehemu ya kukagua hati inayoondoa habari hizo. Ukitengeneza PDF, kagua na sifa zake pia. Na kama umeandika "katika utafiti wetu wa awali" ukaweka jina lako kwenye mabano, hapo hakuna programu ya kukuokoa.

Twende kwenye marejeleo, ndiko kwenye kilio. Marejeleo 64 yaliyopigwa chapa kwa mkono ni hifadhidata iliyoandikwa ukutani kwa chaki. Nilimsimikia Zotero, programu huria iliyozaliwa mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Unaipa DOI ya makala, yenyewe inakwenda kuleta jina, mwaka, jarida na kurasa. Ukiandika, unaingiza rejeleo kutoka ndani ya Word, na orodha ya mwisho inajipanga. Ukihama jarida unachagua mtindo mwingine, na ndani ya sekunde chache mabano yanakuwa namba. Mitindo hiyo imeandikwa kwa lugha iitwayo CSL, na iko zaidi ya 10,000 ambayo mtu yeyote anaipakua bure.

Elfu kumi! Zipo njia nyingi mno za kusema nani kaandika nini na lini. Kama kuna ushahidi mwingine mnautaka kwamba mchezo huu umepita kiasi, mimi sina.

Kuingiza yale 64 kulituchukua kama saa mbili na nusu, maana machache hayakuwa na DOI: ripoti za wizara, tasnifu za zamani. Hayo huandikwa kwa mkono, na usidanganywe na mtu anayekuambia kila kitu kitajileta. Pia yaliyojileta yalikuwa na makosa yake. Kichwa kimoja kilikuja chote kwa herufi kubwa. Kagua kila kimoja mara moja, basi, umemaliza nacho maisha yako yote.

Ila majina yetu! Programu hizi zimezaliwa mahali ambapo kila mtu ana jina la kwanza na jina la ukoo. Mpe Ngũgĩ wa Thiong'o, atampeleka kwenye T, au kwenye W, wakati maktaba humweka kwenye N, kwa Ngũgĩ. Dada alikuwa na waandishi wawili wa namna hiyo, na mmoja alitokea mara tatu kwa majina matatu tofauti kana kwamba ni ndugu. Zotero ina kitufe kidogo kando ya jina kinachounganisha visanduku viwili kuwa kimoja. Tumia hicho, andika jina zima kama mwenyewe anavyoliandika. Kwenye BibTeX jina hilo linazungushiwa mabano ya mawimbi mara mbili. Na ule mkia juu ya ũ na ĩ si pambo, ni herufi. Hifadhi faili kwa UTF-8, kisha ukishapakia kwenye mtambo wa jarida fungua PDF wanayokutengenezea uhakikishe Mũtua hajawa M?tua. Hilo limewahi kumpata mtu ninayemfahamu, na lilichapishwa hivyo.

Wanaoandika kwa Kiswahili mna dawa yenu pia. Mtindo wa CSL ni faili ya XML tu. Ndani yake unaweza kuweka sehemu ya maneno ya lugha, ukaiambia kwamba badala ya lile neno la Kilatini la waandishi wengi iandike "na wenzake", na badala ya kifupi cha Kiingereza cha kurasa iandike "uk." Nilimfanyia rafiki wa isimu kitu hicho; mistari isiyofika thelathini. Hakuna sababu ya makala ya Kiswahili kumalizika kwa ukurasa mzima uliojaa vifupi vya wageni.

Kuna wasomaji hapa ambao tayari wanapiga kelele: LaTeX! Nawasikia. Naipenda, na hadithi yake ni tamu. Mwaka 1977 Donald Knuth aliona chapa ya majaribio ya kitabu chake, akachukizwa na ubaya wake, akaamua kuandika programu yake ya kupanga kurasa. Alidhani ni kazi ya muda mfupi. Ilimla karibu miaka kumi. Ndiyo TeX, na juu yake Leslie Lamport akajenga LaTeX miaka ya 1980. Ukiwa mtu wa hisabati, fizikia au tarakilishi, jifunze, majarida yenu yanaipokea na mengi yanatoa kiolezo tayari. Lakini dada ana waandishi wenza wanne, wote watu wa Word, na jarida lake linataka .docx. Kumwambia ajifunze LaTeX saa sita usiku ni kujifurahisha mimi mwenyewe.

Kwa wale wa katikati, wanaopenda kuandika matini matupu bila kusumbuliwa na sura, iko Pandoc. Aliyeiandika ni John MacFarlane, profesa wa falsafa huko Berkeley (ndiyo, falsafa), na ilianza mwaka 2006. Unaandika kwa Markdown, marejeleo yanakaa kwenye faili yake, kisha:

pandoc mswada.md --citeproc --bibliography=marejeleo.bib --csl=jarida.csl --reference-doc=kiolezo.docx -o mswada.docx

Jarida likibadilika unabadilisha jarida.csl na kiolezo.docx. Mswada haujaguswa. Mimi siku hizi hata barua za wateja naziandika hivyo.

Picha nitazipitia haraka. Wanaposema nukta 300 kwa inchi, hesabu ni rahisi: safu moja ya jarida ina upana wa kama sentimita 8.5, hivyo unahitaji pikseli 1,000 hivi, na kwa upana wa ukurasa mzima kama 2,000. Kuandika 300 kwenye sifa za picha ndogo hakuongezi kitu, ni kama kuandika "kilo mbili" kwenye mfuko wa kilo moja. Grafu itoe moja kwa moja kutoka R au Python kama PDF au SVG, usiipige picha ya skrini. Na usitegemee picha uliyoibandika ndani ya Word, maana kwa kawaida Word yenyewe huipunguza hadi 220 unapohifadhi. Tunza faili za asili kando.

Excel ndiyo iliyotupa hofu ya kweli. Dada aliwapa sampuli zake majina ya vifupi vya masoko, na soko moja lilikuwa MAR. Alipofungua jedwali la nyongeza, MAR3 ilikuwa tarehe tatu Machi. Zote za soko lile zilikuwa tarehe. Hayuko peke yake: wanabiolojia waliteseka hivyo kwa miaka na majina ya jeni, mpaka mwaka 2020 kamati inayotoa majina hayo ikabadilisha majina yenyewe, MARCH1 ikawa MARCHF1, kwa sababu ya Excel. Microsoft waliweka njia ya kuzima tabia hiyo mwaka 2023. Nimelieleza hili makusudi. Jarida la pili lilirudisha mswada kwa sababu ya nafasi kati ya mistari, mara mbili watu waliutazama, na hakuna aliyeona kwamba sampuli za soko zima zina majina ya tarehe. Macho yalikuwa kwenye pambizo.

Najua pingamizi litakalokuja, na lina uzito. Mtu atasema: jarida lisilojali mpangilio ni yale majarida ya kitapeli, yanayokubali chochote ndani ya siku tatu mradi umelipa. Ni kweli matapeli hawarudishi mswada kwa sababu ya mikato. Lakini wanakubali chochote kwa kuwa hawasomi. Mimi nadai kinyume chake, msome kwanza. Wapo waliofanya hivyo na hawakuharibikiwa. Mwaka 2011 jarida la Free Radical Biology and Medicine liliwaambia waandishi walete mswada wa kwanza kwa mpangilio wowote unaosomeka, na mpangilio wa jarida udaiwe wakati wa marekebisho, kazi ikishaonekana ina njia. Elsevier, wachapishaji wake, wakaupeleka utaratibu huo kwenye majarida yao mengine mengi. Sharti moja walilobaki nalo kwenye marejeleo ni la busara: yawe kamili, na yafuate mtindo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Basi. Ukitaka kuwapima matapeli angalia nani yuko kwenye bodi ya wahariri, angalia kama jarida limo kwenye DOAJ, soma makala zake mbili. Fonti haitakuambia.

Wengine wataniambia kwamba kufuata maelekezo ni kipimo cha nidhamu. Hili nalisikia sana kutoka kwa wahadhiri wa zamani. Shikamoo zenu nazitoa, lakini nidhamu ya mtafiti iko kwenye vipimo vyake. Dada alirudia kila kipimo mara tatu. Aliendesha gari la chuo lisilo na breki nzuri mpaka Mutomo kurudia sampuli 12 ambazo alizitilia shaka. Huyo utampima nidhamu kwa nuktamkato?

Tulimaliza saa tisa usiku. Majina ya sampuli yamerudi, marejeleo yako kwenye Zotero, mitindo imekaa, picha ziko kwenye folda yake, na tukaweka nakala mahali pawili. Jumapili mchana aliupakia mswada, akaenda kanisani ibada ya pili akiwa na macho mekundu. Nilimwambia akikataliwa safari hii, kuhamia jarida la nne kutachukua muda wa kunywa chai. Hakuipenda sana faraja hiyo.

Wiki iliyopita amepata majibu. Wahakiki wawili, kurasa tano za maswali. Mmoja anataka kujua kama magunia yasiyopitisha hewa yalifunguliwa mara ngapi kwa mwezi, maana kila ukiyafungua hewa inaingia na ukungu unapata nafasi. Dada alinipigia simu asubuhi na mapema kunisomea swali hilo, sauti imejaa furaha. Daftari lenye jibu liko Makueni kwa msaidizi wake, na Ijumaa anapanda matatu kwenda kulichukua.